Nimehamia Ngamiani, sina jiko: nile wapi bila kuumwa tumbo kila mwezi?

*Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Tanga kutoka bara, huu ni mwezi wa tatu. Nimepanga chumba kimoja Ngamiani, sina jiko, kwa hiyo nakula nje asubuhi, mchana na usiku. Kwa muda huo nimeharisha mara tatu. Mara mbili nilipimwa damu nikaambiwa ni taifodi, nikapewa dawa. Mara ya tatu nilikula wali na jodari jioni; hata nusu saa haijaisha uso ukawaka moto, kichwa kikagonga, kisha tumbo likafuata. Wenzangu wakasema nina aleji ya samaki. Mmoja kazini ananiambia niachane na mama ntilie, niwe nakula hoteli zenye vigae kule mjini. Mwingine anasema nikamulie ndimu na pilipili kila kitu, vijidudu vinakufa. Fundi ninayepakana naye anakula popote na haumwi. Mshahara wangu hauwezi hoteli kila siku. Nile wapi hapa mtaani? Na je, ninunue jiko?*

Marahaba, mwalimu, na pole kwa misukosuko ya tumbo. Kwanza nikutoe hofu: Ngamiani ni mahali pazuri pa kula. Watu wanapika, walaji ni wengi, Soko la Mgandini liko hapo hapo, samaki wanateremka Deep Sea, soko la samaki la ufukweni, mwendo mfupi kwa baiskeli. Shida yako kubwa naiona kwenye saa unazokula kuliko kwenye vibanda unavyokula. Sitakutajia kibanda kwa jina. Mpishi akienda msibani wiki mbili, mwiko unashikwa na mtu mwingine, na sifa ya kibanda inabaki ile ile ya zamani. Ukijifunza kusoma saa ya chungu, utakula salama hata mtaa ambao hujawahi kuukanyaga.

Chakula kinachoharibu tumbo mara nyingi kilipikwa vizuri kabisa. Wadudu wawili wanaotusumbua zaidi kwenye vyakula vya sufuria, mmoja wa wali na mwingine wa michuzi mizito ya nyama na maharage, wana ujanja wao: wakichemshwa hujikunyata ndani ya ganda gumu na kuvumilia mtokoto. Sufuria ikiepuliwa na joto likashuka chini ya nyuzi 60, ganda linapasuka na uzazi unaanza. Kwenye uvuguvugu unaowapendeza wanaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja anakuwa wanane baada ya saa moja, na baada ya saa nne wamepita 4,000. Na hapo tulianza na mmoja, ilhali sufuria haianzi na mmoja.

Ndiyo maana wali ule ule, wa mama yule yule, unakuwa salama saa sita mchana na unakuwa tatizo saa kumi. Na kupasha moto hakurekebishi kila kitu. Mchuzi wa nyama ukirudishwa jikoni ukatokota hasa, sehemu kubwa ya wadudu waliozaliana hufa, kwa hiyo ni afadhali. Wali ni kesi nyingine: mdudu wake akishaacha sumu yake ya kutapisha, sumu ile haiondoki kwa moto wa jiko. Wali ulioshinda nje tangu mchana, ukakaangwa usiku kwa kitunguu na mafuta ukanukia vizuri, unaweza kukutapisha ndani ya saa moja hadi sita.

Tanga tuna jambo letu la ziada, nalo ni nazi. Mpishi anayejua kazi huanza na tui jepesi, kisha tui zito analitia mwisho, anakoroga taratibu kwa moto mdogo ili lisikatike. Akiona limeshika, anaepua. Maana yake ni kwamba maharage ya nazi, mbaazi, samaki wa nazi na mihogo ya nazi haviwezi kuachwa vikitokota mchana kutwa kama supu ya kongoro. Vikiachwa, tui linakatika na mteja analalamika. Basi vinaepuliwa na kungoja. Tui lenyewe huchacha haraka kwenye joto letu. Ukiona vipovu vidogo pembeni ya sufuria iliyo nje ya moto, au ulimi ukakutana na ukakasi, acha hapo hapo, usile "kwa kuwa nimeshalipa".

Sasa twende na siku yako.

Asubuhi ndiyo rahisi kuliko zote. Vitumbua na chapati vinatoka kwenye kikaango mbele ya macho yako, mkate wa ajemi unatoka kwenye tanuri yenye joto kali, supu inatokota. Vyote hivyo kula bila wasiwasi. Cha kuangalia ni kitoweo. Mbaazi au maharage ya nazi ya asubuhi yanaweza kuwa yamepikwa alfajiri au yamelala. Muulize mama kwa adabu, "Mbaazi za leo, mama?" Wengi watakuambia ukweli, kwa sababu mteja wa kila siku ni mtaji. Kama zimelala, omba azichemshe hadi zitokote, au kula chapati na chai. Chai ya rangi iliyochemka na tangawizi ni kinywaji salama kuliko maji ya jagi yaliyo mezani.

Mchana, lenga kati ya saa tano na nusu na saa saba. Hapo wali umetoka motoni, foleni ni ndefu, sufuria zinakwisha. Foleni siyo kero, ni ulinzi: kibanda kinachomaliza sufuria ya kwanza na kuteleka ya pili hakina chakula cha kuzeeka. Ukichelewa shuleni ukafika saa tisa, badili unachoagiza. Acha wali wa hotpoti na maharage ya nazi. Agiza ugali, kwa kuwa wengi wanausonga ukisubiri, na samaki wa kurudishwa kwenye mafuta hadi atoe sauti. Hotpoti ni chombo kizuri kwa saa moja au mbili za kwanza. Baada ya hapo, kila inapofunguliwa joto linatoka, na wali wa chini unabaki vuguvugu, yaani kitalu cha wadudu. Kipimo hakihitaji mashine: tonge la kwanza linapaswa kukulazimisha upulize. Ukiweza kulitia mdomoni moja kwa moja, chakula hicho kimeshashuka.

Jioni mtaa unabadilika. Meza ndogo zinatolewa barazani, kuna mihogo ya kukaanga, kachori, bajia, katlesi, mishkaki, samaki, pweza. Chochote kinachokaangwa au kuchomwa ukisubiri ni chako. Chipsi zinazokaangwa mara ya pili kwa ajili yako hazina ubaya upande wa wadudu, ila mafuta yakiwa meusi na yakitoa moshi kabla ya viazi kuingia, utapata kiungulia. Mishkaki ipasue mmoja kwanza: ukiona uwekundu mbichi katikati, rudisha jikoni, hakuna mchoma mishkaki atakayekununia kwa hilo.

Kinachoponza watu usiku ni vile vya pembeni. Kachumbari iliyokatwa saa kumi ikakaa kwenye bakuli hadi saa tatu usiku. Chupa ya tomato iliyoongezwa maji. Chachandu, ile rojo ya pilipili ya kuchovya. Simama dakika chache kwenye meza ya pweza utazame: kipande kinachomwa kijiti, kinachovywa kwenye bakuli la pamoja, kinaingia mdomoni, kisha kijiti kile kile kinarudi bakulini. Pweza mwenyewe hana kosa. Mwambie muuzaji akutilie wako kwenye sahani yako na akuchotee chachandu pembeni kwa kijiko, au ule na chumvi na ndimu uliyoikata wewe.

Nimetaja ndimu, basi tuimalize. Ndimu huongeza ladha na hupunguza wadudu wachache juu juu, lakini tone la ndimu kwenye sahani ya mchuzi halifiki ndani na halina muda wa kufanya kazi, na sumu iliyokwisha kutengenezwa haiigusi. Pilipili nayo haina dawa hiyo. Kwenye tumbo linalouma inaongeza moto tu.

Jodari. Maelezo yako, mwalimu, yanaeleweka vizuri, na mimi sidhani kuwa una aleji ya samaki. Jodari, vibua, nguru na dagaa wana kiini kwenye nyama yao ambacho wadudu hukigeuza kuwa histamini samaki akikaa bila barafu. Histamini ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili huitoa wakati wa aleji, kwa hiyo dalili hufanana: uso kuwaka, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, vipele, kuharisha, na huanza kati ya dakika chache na saa moja au mbili. Kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Samaki anaweza kuonekana mzima na kunukia vizuri. Dalili moja ya kusaidia: baadhi ya walaji husikia ulimi ukiwasha kama pilipili ilhali mchuzi hauna pilipili. Ukisikia hivyo, weka chini. Kwa kawaida hali hutulia yenyewe ndani ya siku moja, na dawa ya aleji husaidia. Ila kifua kikibana, midomo au koo likivimba, au ukisikia kizunguzungu cha kuanguka, hiyo ni safari ya hospitali muda huo huo. Na kabla hujarudi kula samaki wa aina hiyo, mweleze daktari ana kwa ana akupime, kwa sababu kwa maandishi siwezi kukuondolea aleji kwa uhakika wote.

Ukitaka kula samaki kwa akili ya wavuvi, tazama mwezi. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wengi wa taa hupumzika, na wengi wa samaki hao unaowaona mezani ni wa barafu. Wa barafu siyo mbaya akiwa kweli amelala kwenye barafu. Mbaya ni yule aliyeshinda juani akarushiwa maji. Pweza kalenda yake ni nyingine: huvuliwa maji yakitoka sana wakati wa bamvua, na bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka. Kwa hiyo mwezi mpevu ukikunyima dagaa, hukupa pweza. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, takriban Mei hadi Septemba, bahari huchafuka, samaki hupungua na bei hupanda. Hapo mchana kula maharage au mchicha wa nazi bila kujilazimisha samaki. Jioni ukitamani samaki, changu wa kukaanga sasa hivi ni chaguo la busara kuliko jodari wa mchuzi aliyepikwa asubuhi, kwa kuwa changu hana tabia ile ya histamini.

Hoteli zenye vigae mjini. Mwenzako ana hoja nusu. Vigae vinasafishika, na hoteli kubwa huenda ina jokofu. Lakini jokofu lililojazwa sufuria za moto halipoozi kitu, na hoteli yenye orodha ndefu ya vyakula na wateja wachache ina viporo vingi kuliko mama ntilie mwenye sufuria tatu zinazokwisha saa nane. Mimi napendelea orodha fupi. Angalia pia vyombo vinaoshwaje: mabeseni matatu, moja la sabuni na mawili ya kusuuza, kisha vyombo vinakaushwa kwenye chanja, ni alama nzuri. Beseni moja lenye maji ya kijivu na kitambaa kimoja kinachofuta meza, sahani na jasho, ondoka. Choo kilipo na ndoo ya kunawa yenye koki na sabuni ni vitu vya kutazama kabla ya kuketi. Wapishi na wahudumu wanatakiwa wapimwe afya kila baada ya miezi sita na wawe na cheti. Unaruhusiwa kuuliza, ingawa cheti hakikuambii wali umeepuliwa saa ngapi. Na kama kibanda kimoja kinawaumiza watu kila mara, mpelekee taarifa afisa afya wa kata, kazi yake ni hiyo.

Vinywaji nitavipita haraka. Juisi ya ukwaju, embe au miwa ni nzuri, tatizo ni maji yaliyoizimulia na barafu iliyotiwa ndani. Kugandisha hakuui wadudu. Kunywa dafu lililokatwa mbele yako, soda, chai, au maji ya chupa yenye kizibo kizima. Machungwa ya Muheza menya mwenyewe.

Kuhusu fundi jirani yako: mwili wake umeshazoeana na wadudu wa hapa kwa miaka, wewe una miezi mitatu. Tumbo la mgeni hutulia taratibu. Halafu sina hakika kwamba haumwi. Wengi huharisha siku moja wakanyamaza, hawaiiti ugonjwa.

Na usikimbilie kumlaumu mtu wa mlo wa mwisho. Kutapika ndani ya saa chache huelekeza kwenye mlo uliotangulia. Kuharisha kwa maumivu bila kutapika sana huweza kutokana na ulichokula saa 6 hadi 24 zilizopita. Wadudu wengine, hasa wa kuku asiyeiva, huchukua siku mbili hadi tano. Andika kwenye simu ulichokula na saa; baada ya mwezi utaona mwenyewe mtiririko, na daktari atakushukuru.

Hiyo inanileta kwenye taifodi yako mara mbili. Taifodi hukaa mwilini wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza, na dalili yake kuu ni homa inayopanda siku hadi siku, kichwa na uchovu. Kuharisha siku moja au mbili bila homa kwa kawaida siyo taifodi. Kipimo cha damu kinachotumika sana kinatafuta askari wa mwili, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki kutokana na maambukizi ya zamani au wakafanana na wa ugonjwa mwingine. Kipimo kimoja cha namna hiyo hakitoshi. Cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, yaani kuona kama wadudu wenyewe wataota, kabla hujaanza antibayotiki. Sikuambii dawa ulizopewa hazikuwa sahihi, sikukuona. Nakuambia safari ijayo uulize, "Tunaweza kuotesha?" Na usiweke flagili kabatini ukaimeza kila tumbo linaponguruma.

Jiko je? Nunua, lakini usijitwike mapishi ya familia. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu unatosha chumba kimoja. Zungumza na mwenye nyumba kwanza, uweke karibu na dirisha, ufunge koki kila umalizapo, na usilale nao ukiwa wazi. Tumia kwa mlo wa usiku tu, ambao ndio unakuponza: mayai, uji, tambi, ndizi, mboga za majani. Pika kinachokwisha. Huna jokofu, basi huna kiporo.

Kama hupendi kupika, kuna njia ambayo wageni husahau: kuweka chakula kwa mama wa nyumba ya jirani. Unalipa kwa wiki au mwezi, unakula kinacholiwa na watoto wake, saa wanayokula wao. Ubaya wake ni kwamba huchagui, na siku ya msiba au safari unalala na chai. Kwa usalama na kwa mfuko, kwa kweli sioni bora kwa mtu wa chumba kimoja. Mama ntilie wa mchana naye atakubali daftari ukishazoeana naye. Akupakulie mapema akufungie kwenye chombo chako, ila kile ulichofunga saa sita usikile saa kumi na moja.

Ramadhani itabadilisha ratiba yote. Ngamiani vibanda vingi hufunga mchana au hushusha mapazia, na kula barabarani ni kukosa adabu hata kama hufungi. Kula ndani kwako. Lakini kuanzia saa kumi alasiri mtaa mzima unapika kwa ajili ya wakati mmoja unaojulikana: tambi, viazi vitamu, magimbi, ndizi za nazi, uji wa pilipili manga. Chakula kinatoka motoni na kuliwa hapo hapo magharibi. Nunua dakika za mwisho kabla ya adhana, ule mapema, na usinunue mabaki ya saa nne usiku kwa bei ya kutupa.

Ukiharisha tena, anza na maji ya chumvichumvi ya pakiti, moja kwa lita moja ya maji safi, ukiyatumia ndani ya saa 24. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kusawazisha, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kunywa kikombe kila baada ya kutoka chooni, kwa mafundo madogo ukiwa unatapika. Endelea kula. Dawa za kufunga kuharisha usizitumie ukiwa na homa au damu.

Usingoje nyumbani kama kinyesi kina damu, homa imefika nyuzi 38.5, umeshindwa kubakiza hata maji tumboni, mkojo umekauka au umekuwa mweusi, au siku tatu zimepita bila nafuu. Kinyesi kikiwa majimaji meupe kama maji ya mchele na kinatoka mfululizo, usipitie duka la dawa. Nenda kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Bombo wakati huo huo, mchana au usiku, ukiendelea kunywa maji ya chumvichumvi njiani. Mjamzito, mwenye kisukari au mwenye kinga dhaifu asisubiri hata hizo siku tatu. Na kwa kuwa umeugua mara tatu ndani ya miezi mitatu, wewe nenda wiki hii hata kama sasa hujisikii vibaya, upimwe choo na uzungumze na daktari kuhusu yule jodari, ukiwa na simu yenye orodha ya ulichokula.